Ngozi Mpya Msimu wa Maharage

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano huko Nyantakara, mtu mzima mwenye chunusi za mwanafunzi wa sekondari. Zikipona ziliacha madoa meusi, na juu ya madoa zikaota nyingine. Nilipaka kila kilichouzwa gulioni kwenye vikopo visivyo na lebo, na kila kikopo kiliniongezea balaa. Wazazi wa watoto walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Nilichukia kioo, nilichukia picha, na kusema kweli nilianza kuwachukia hata watu wenye ngozi laini.

Mwishowe nilikwenda Mwanza kwa daktari wa ngozi, mama mpole mwenye mikono ya baridi. Alizituliza kwanza chunusi zenyewe, kisha likizo ya Juni ilipofika akanipaka usoni dawa ya asidi ambayo hubabua tabaka la juu la ngozi ili lipukutike na madoa yake. Iliwasha kama pilipili. Akanionya nisibandue ngozi kwa kucha, na zaidi ya yote nisikae juani mpaka nipone, kwa sababu ngozi changa ya mtu mweusi ikiunguzwa na jua, madoa hurudi meusi kuliko ya mwanzo.

"Una mahali pa kutulia?" akaniuliza.

Nikajibu kwa furaha kwamba nakwenda kwa mama yangu, kijijini Murukulazo. Mtoto wa mkulima mimi, nikasahau kuwa Juni ni mavuno ya maharage.

Nilimkuta mama peke yake, maana baba alishafariki. Maharage yalikuwa yamekauka, maganda yameanza kupasuka na kumwaga punje chini. Nikajifunga kitenge, nikavaa kofia, nikashika njia ya shamba. Mama akanidaka mkono, akautazama uso wangu uliokuwa ukibanduka kama ganda la kitunguu.

"Rudi ndani, mwanangu."

"Yatamwagika, mama."

"Yamwagike. Maharage tutapanda mengine. Uso utaupanda wapi?"

Nikarudi ndani, nikiwa na hasira na huku moyo umelainika.

Kwetu binti anayekaribia kuolewa huondolewa kazi za juani. Hukaa ndani, hunywa maziwa, hupakwa samli, ili siku ya kutoka ang'ae. Majirani walimwona mama akienda shambani peke yake, wakaona maziwa yakiingia chumbani kwangu, nami sionekani hata kisimani. Wakajumlisha wenyewe. Asubuhi moja wanawake wa kitongoji wakafika uani na vigelegele, kwa kuwa nyumba yenye bibi harusi haiachwi ihangaike na mavuno.

"Mama mwalimu, kumbe ulitaka kutuficha!" akasema mkubwa wao, jirani yetu wa miaka yote. "Sisi tunang'oa maharage. Wewe kaa na mwali wako."

Mle ndani nilitega sikio. Nao walikuwa na maharage yao yanayopasuka. Wakiujua ukweli wangeondoka, nami ningetoka juani, kwa sababu nisingevumilia kumwangalia mama akivunjika mgongo peke yake siku nyingine. Nasema bila aibu: nilimwomba Mungu mama yangu adanganye.

Mama hajui kudanganya.

"Hakuna harusi," akasema. "Mwanangu ametibiwa uso, na jua likimpata ataharibika. Hakuna bwana, hakuna mahari. Mkitaka kurudi kwenu sitawalaumu."

Kisha nikasikia hodi mlangoni pa chumba, yule jirani akaingia. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimeinamisha kichwa. Akaitikia marahaba, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alinitazama muda mrefu, mabaka, magamba na vyote, jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyetoka kuugua. Ukimwacha daktari, sikuwahi kumwachia mtu anitazame karibu hivyo.

Akatoka uani.

"Twendeni shambani," akawaambia wenzake. "Asiyekuwepo ni bwana. Mtoto yupo."

Nikasikia miguu yao ikiteremka kuelekea shambani kwetu. Nililia. Machozi yaliwasha mashavuni kuliko ile dawa, na sikuyafuta, maana nilikuwa nimekatazwa kusugua uso.