Amejenga mfumo wa maduka saba, akamkuta mumewe ndani

Saa mbili asubuhi. Mlango wa duka unafunguka na mazungumzo yanakatika. Keshia anaacha kucheka, mpanga bidhaa anageukia rafu kana kwamba sabuni zimemwita, na meneja anakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga stoo.

Mwanamke aliyeingia anawasalimia wote, anaweka begi la kompyuta juu ya kreti ya soda na kutafuta pa kuchomeka chaji. Ameshazoea.

"Nikiingia mimi, hata kikohozi kinapona," anasema.

Hapa wanamwita Darubini. Hawamwiti hivyo mbele yake, ila jina analijua, na aliyelianzisha anamjua pia.

Kazi yake ni kuzijengea kampuni mifumo ya kukusanya data. Tajiri mwenye duka hili, kwa mfano, ana maduka saba, na kila duka lilikuwa likiandika mauzo kwa namna yake: moja kwenye mashine ya kisasa, jingine kwenye simu ya meneja, jingine kwenye kompyuta kuukuu ambayo haiwaki mpaka ipigwe kofi. Darubini ametengeneza mfumo mmoja unaovuta yote hayo na kuyaweka kwenye skrini moja, tajiri ayatazame akiwa amekaa kwake.

Shida ni kwamba hakuna anayependa kutazamwa.

"Wanadhani nimeletwa kuwafukuzisha kazi. Kuna meneja alininyima umeme wa kuchaji, ati umeme wa duka una bajeti."

Alisomea uhasibu, mambo ya programu akajifunza mwenyewe. Mradi mmoja, ukilipwa vizuri, unatosha kodi ya nyumba ya miezi minne. Lakini upo mwaka alipata miradi miwili tu, na hapo alibebwa na mumewe, fundi wa majokofu, mtu ambaye kwa maneno ya mkewe ni "mpole mpaka anaudhi."

Upole huo ndio ulioanza kumtia wasiwasi.

Ilikuwa wiki ya kuujaribu mfumo. Maduka haya yana mpango wa pointi: mteja akinunua anataja namba yake ya simu, na pointi zinaingia kwenye namba hiyo. Darubini akaiagiza kompyuta imwonyeshe wateja wanaonunua kuliko wote. Namba ya kwanza aliisoma, akairudia. Aliijua kwa kichwa. Ilikuwa ya mumewe.

Duka lenyewe liko upande wa pili wa mji, ambako, kwa anavyojua yeye, mumewe hana ndugu wala jamaa. Akafungua manunuzi. Nepi. Maziwa ya unga ya mtoto. Mafuta ya nywele ya kike. Nepi tena. Na nyumbani kwao mtoto wa mwisho ana miaka kumi na minne, ndevu zimeanza kumchungulia.

"Nikajiambia," anasema, "kumbe nina mke mwenza, na amejifungua juzijuzi."

Mtu mwingine angeuliza. Yeye alichunguza, maana ndiyo kazi yake. Alipekua mifuko ya suruali kabla ya kufua. Alinusa mashati. Mume akienda kuoga, mke alichukua simu na kusoma ujumbe wote, mpaka ule wa mafundi wenzake wanaoulizana gesi ya friji inapatikana wapi. Hakukuta kitu, na hilo likazidi kumtia mashaka. Mtu asiyeacha alama hata moja, aliwaza, huyo ni mzoefu.

Mezani akaanza kumtega.

"Baba watoto, nepi siku hizi zimepanda bei, eti?"

"Sijui, mke wangu. Kuna mtu kajifungua?"

"Wewe si ndiye wa kuniambia."

Mume aliweka kijiko chini, akamtazama, kisha akaendelea kula. Kwa mkewe, hata kule kula kulikuwa ushahidi.

Hatimaye alikwenda kwenye duka lile kwa kisingizio cha kukagua mashine. Akakaa kando ya keshia, akawa anawakodolea macho akina mama waliobeba watoto. Aibu hii anaisimulia mwenyewe: alikuwa akitafuta pua ya mumewe kwenye nyuso za watoto wa watu.

Akaja mama mmoja na pakiti ya nepi. Keshia akamwomba namba ya simu.

"Namba yangu ya nini? Nimekuja kununua nepi, sijaja kuposwa."

Mashine haikubali kuendelea bila namba. Sharti hilo aliliweka Darubini mwenyewe, ili data yake isiwe na mapengo. Keshia hakubishana na mteja. Aliinua macho kwenye friji ya vinywaji iliyo mbele yake, ambapo fundi alibandika karatasi yenye namba yake ya simu. Akaiandika namba hiyo, akatoa risiti.

"Hizo pointi unampa nani?" Darubini aliuliza.

Keshia alidhani kibarua kimeota nyasi.

"Dada, naomba usinisemee. Wateja wengi hawataki kutaja namba, na foleni ndiyo hiyo unaiona. Huyu fundi alitutengenezea friji mara moja tu, wala hajui kama ana pointi."

"Nilitaka kumkumbatia," Darubini anasema, "na papo hapo nikatamani kujificha humo humo kwenye friji."

Jioni alimweleza mumewe yote. Alitegemea watacheka pamoja. Mume hakucheka.

"Ungeniuliza."

"Ungejibu nini?"

"Ningekwambia sina mtu huko."

"Nisingekuamini."

"Basi hapo ndipo panaponiuma."

Mfumo ameshaubadilisha. Keshia sasa ana kitufe cha mteja asiye na namba, na namba za wateja zimefichwa, haonekani mtu ni nani, hata kwa aliyeujenga. Tajiri hakupendezwa. Alimuuliza ni nani aliyemlipa ili afiche. Darubini hajarudi nyuma, na anapanga kila mfumo atakaoujenga uwe hivyo, kampuni isiyotaka itafute mtu mwingine.

Na nyumbani? Anafunga kompyuta kabla ya kujibu.

"Anasema amesamehe, na tunaongea vizuri tu. Lakini wiki iliyopita niliona ameweka namba ya siri kwenye simu yake. Tangu tuoane haikuwahi kuwa nayo."

Hajamuuliza ya nini. Kubahatisha tarakimu nne, kwa mtu wa kazi yake, si jambo gumu, na anakiri kwamba vidole vimemuwasha. Simu hiyo sasa akiikuta mezani anaipita, anakwenda jikoni.

"Nataka aitoe mwenyewe," anasema. "Hata ikichukua miaka, mimi nitasubiri."