Kona za Mto Hadi Garsen

Sisi wa kando ya mto hatuhesabu njia kwa kilomita. Mimi shule niliishia darasa la pili, hizo kilomita hatukuzifikia. Tunahesabu kona. Kutoka kwetu kupanda mto hadi Garsen ni kona kumi na tisa, na nilizijua kwa migomba ya watu iliyo kila kona. Wafugaji wao husema hapo tu, wakinyoosha kidevu. Mmoja aliwahi kunielekeza kisima hapo tu, nikatembea tangu asubuhi mpaka viatu vikakatika, na vilikuwa vya tairi, si vya kukatika ovyo. Kijijini tulizicheka sana hizo hapo tu zao.

Basi mwaka ule wa mafuriko, nyoka akakimbia maji, akapanda kitandani kwetu. Alimuuma mke wangu mguuni alfajiri. Barabara imekatika. Nikamlaza ndani ya mtumbwi nimpeleke hospitali Garsen. Kona ya tatu, penye mwinuko, alisimama mfugaji na ng'ombe wake. Aliuliza tuna nini, nikamwonyesha mguu.

"Mzee, acha mto. Kata hapa mbugani, maji yanabeba mtumbwi. Garsen ni hapo tu."

Mke wangu alisema tumsikilize. Nikamshukuru yule bwana, nikafuata mto.

Lakini kona hazikuwepo tena. Kingo zimezama, migomba imezama. Tena mkondo una ujanja: ukipiga kasia macho kwenye maji, unajiona unakwenda mbio, ukitazama mti, uko palepale. Nikawa natazama maji.

Mke wangu aliuliza zimebaki kona ngapi. Nikasema nne. Baadaye akauliza tena, nikasema mbili, na wala sikujua tuko wapi. Jua likapinda.

"Baba watoto," akasema, "mbili zako ni ndefu."

Hakuuliza tena. Tulifika jua linazama. Muuguzi alimgusa shingoni, akanitazama, akashusha macho.

Maji yalipokauka nilirudi kwenye ule mwinuko, nikakata mbuga kwa miguu. Nilitembea polepole, maana nilitaka iwe mbali. Nikaona mabati ya Garsen hata jasho halijanitoka.

Siku moja nikakutana na yule mfugaji kwenye mnada wa ng'ombe. Alinishika kwa mikono miwili, akauliza hali ya mama. Nikamwambia alifia njiani. Akanipa pole.

"Mlipita mbugani?"

Nikamwambia ndiyo, mtumbwi ukakwama kwenye matope. Akainamisha kichwa. Akasema basi kosa ni lake, aliyapima maji vibaya, nimsamehe kwa ajili ya Mungu. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikamwambia nimemsamehe.