Begi Isiyo na Mifupa Itaazima Yako

Mwanangu, wewe nakuhesabu rafiki wa kuaminika, kwa hiyo leo sitakupikia maneno matamu. Niko na hasira, na nitasema nayo hivyo hivyo. Kaa karibu.

Nakumbuka ile siku tulipandisha kilima cha Kamonyi kwa miguu, kundi la sala kutoka Kigali, tunaenda hija Kibeho, alikotokea Mama Bikira Maria. Nilikuwa msichana bado, mzigo wangu nimeufunga kwenye kitenge kichwani. Mbele yangu anatembea dada yangu Dafroza, na mgongoni ana begi ya nailoni nyembamba aliyoichagua kwenye caguwa, mitumba ya Biryogo. Begi ile haikuwa na fremu. Haina vyuma, haina ubao mgongoni. Ukiiweka chini tupu, inalala kama shati.

Dafroza aliipenda kwa sababu hiyo. Alikuwa na nadhiri. Mtoto wake alitoka hospitali akiwa mzima wakati sisi tulishaanza kulia, na yeye alimwahidi Mama Bikira Maria kwamba atakwenda kushukuru kwa miguu yake, kutoka mlango wa nyumba mpaka Kibeho. Jua, vumbi, kilima juu ya kilima. Akasema, "Nichukue begi nyepesi, nibebe kidogo, nifike." Akili nzuri. Na aliipanga vizuri: kigodoro chembamba cha sponji alikikunja akakiweka ndani, upande wa mgongo, kiwe mifupa ya begi. Nguo zikafuata, halafu mkate na rozari juu. Hapo simlaumu hata leo.

Sasa sikiliza kosa lilipoingilia. Kwetu mtu akienda Kibeho, majirani wanamletea vidumu vitupu awajazie maji ya baraka. Desturi nzuri, siikatai, na mimi nimekunywa maji hayo. Lakini watu wanatazama begi yako kwanza. Wakiona imejaa, wanapita. Wakiona inapepea, wanafungua wenyewe. Akaletewa kidumu, akapokea. Kingine, akapokea. Na kila mmoja anaimba wimbo ule ule: "Kiko tupu, hakina kilo." Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu. Aliyesema hivyo alikuwa anajua anachosema.

Tukiwa njiani akaja Karoli, kiongozi wa kundi, mtu wa sauti kubwa.

"Dafroza, begi yako iko kama tumbo la mtu wa Kwaresima. Tuilishe kidogo."

Watu wakacheka. Dafroza naye akacheka, maana ni mtu wa kucheka. Karoli akataka kuingiza viatu vyake vya ngozi, vile vya kupigia picha mbele ya kanisa. Havikuingia. Basi akachomoa kile kigodoro, akakifunga nje kwa kamba, akasukuma viatu mahali pake. Mwingine akaleta sufuria ya kundi. Mwingine mishumaa.

Nikasema, "Kaka Karoli, begi hii haiwezi."

"Yewe katoto, sisi tunabeba msalaba, wewe unapima begi?"

Wakacheka tena. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo walivyosema wazee, na mimi nililiona kanda hilo kwa macho yangu. Begi yenye fremu inashusha uzito kwenye kiuno. Hii ya kitambaa, ukiijaza vitu vigumu, inalegea kama mtu aliyelewa, inavuta mabega nyuma, na sufuria inatafuta uti wa mgongo mpaka inaupata. Dafroza akaanza kutembea ameinama. Anatia vidole gumba chini ya mikanda, anainua, anaachia. Mimi nikamwambia tupunguze. Akasema, "Ihangane, vumilia tu, tutafika. Nikiwarudishia watasema nini?"

Karibu na Ruhango alipiga magoti kando ya barabara. Mwanangu, sisi tulidhani anasali. Karoli akaanzisha wimbo, na watu wakaitikia wakimzunguka, wengine wameinua mikono. Dada yangu alikuwa hawezi kusimama. Tulimwimbia mtu aliyekuwa analia kwa maumivu. Nikilikumbuka hilo ninaposali, inabidi nianze rozari upya.

Aliyegundua ni mama yetu mkubwa, Mama Skolastika, aliyekuwa anakuja nyuma polepole na fimbo yake. Akasema, "Nyamazeni." Akamvua Dafroza begi, akaimwaga yote kwenye majani, vidumu, viatu, sufuria, mishumaa. "Kila mtu achukue chake." Wakachukua. Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo: kila mtu alipata kitu kimoja mkononi, na hakuna hata mmoja aliyelemewa. Ilikuwa rahisi hivyo.

Akamgeukia Karoli. "Msalaba ni ule unaobeba wewe. Unaomwekea mwenzako unaitwa mzigo." Halafu akamwinamia Dafroza, akamfuta uso kwa kitenge, na bado akamkemea. "Na wewe, binti yangu. Umechagua begi isiyo na mifupa. Begi ya namna hiyo inaazima mifupa ya mwenyewe. Ukiichagua, chagua pamoja na mdomo wa kukataa."

Tulimpandisha kwenye basi kurudi Kigali. Kundi likaendelea, likafika, likapiga picha. Karoli alikuwa na viatu vyake.

Dafroza mpaka leo hainui ndoo ya maji. Kibeho amekwenda, ndiyo, kwa gari, na padri alimwambia kwamba Mungu amepokea nadhiri yake. Mungu alipokea. Mimi bado.

Kwa nini nakuambia haya leo? Kwa sababu binti yangu Alina anaondoka na vijana wenzake, kwa miguu, njia ile ile, na amenunua begi ya namna ile ile. Sikumkataza. Nilikwenda naye dukani. Nilimwambia asitazame urefu wa mwili wake, apime mgongo, kutoka mfupa wa shingo unaotokeza mpaka mfupa wa nyonga. Achague ndogo, maana begi kubwa inaita vitu. Avute mishono ya mikanda kwa nguvu, mwenye duka akasirike akitaka. Aweke ndani vitu vyake vya kweli, atembee navyo, siyo kuivaa tupu mbele ya kioo. Mkanda wa kiuno uwepo. Kigodoro upande wa mgongo, na kisichomolewe na mtu yeyote, hata akiwa kiongozi. Mvua? Mifuko ya plastiki hapa kwetu imekatazwa, basi kipande cha shitingi, lile turubai, kifunike nguo.

Tumemaliza, begi iko mlangoni imesimama vizuri. Leo mchana jirani yetu hapa Niboye akaingia na kidumu, akaanza kufungua zipu bila kuuliza.

"Kiko tupu, Mama Alina. Hakina kilo."

Alina akanitazama. Nikaona uso wa Dafroza.

"Kurudi kitakuwa kimejaa," nikasema, "na kwenda kina kona za kumchoma mgongo. Nenda nacho mwenyewe."

"Unamnyima mtu maji ya baraka? Dini gani hiyo?"

"Ile ya kubeba chako." Nikamrudishia kidumu chake mkononi. Ameondoka amenuna, na atanisema kanisani. Aniseme.

Basi, mwanangu, shika hili. Begi nyepesi siyo nafasi ya wengine, ni ahadi yako kwamba utabeba kidogo. Usiichague kama huwezi kusema hapana. Chukua ile nzito yenye vyuma, itakutetea. Na kumsaidia aliyechoka ni lazima, hata mgongo wako ukiuma. Lakini mtu mzima mwenye mabega yake asikufanye kabati.

Mungu akulindie uti wa mgongo. Mama Bikira Maria akutangulie kilimani na kwenye mteremko, na ufike ulikoahidi kwa miguu yako mwenyewe, jambo ambalo dada yangu alinyimwa.

Maneno haya wapelekee wanaofunga mizigo. Lakini ukimwona mtu amesimama mlangoni pa jirani na kidumu kitupu, mpelekee huyo kwanza.