Kisima cha Saimi Kisichotoa Maji

Saimi Tuovila alipika jikoni kwenye shule ya kijiji chetu maisha yake yote ya kazi, na hapa kilimani kuna wanaume wenye vipara ambao bado wanamwogopa kidogo, maana ndiye aliyewasimamia mpaka wamalize karoti. Mumewe alifariki zamani. Nyumba yake ni ile ya mbao, ya rangi ya njano, ambayo chumba chake cha chini kimezama nusu ardhini, na humo mna sauna, bafu letu la mvuke. Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, na nimekunywa kahawa nyingi kwa Saimi kuliko nilivyokunywa kwangu. Kahawa na mikate mitamu ya iliki. Sasa nikianza habari za ile mikate hatutafika.

Habari yenyewe ni kwamba Saimi, akiwa na miaka sabini na nne, alipata mchumba.

Alimpata kwenye ukumbi wa dansi kando ya ziwa. Jina lake Alpo, zamani alikuwa dereva wa lori, mfupi kuliko Saimi kwa kichwa kizima, lakini akicheza husahau kwamba ni mfupi, na wewe unayemtazama unasahau pia. Anakaa mjini Lahti, ghorofa ya tatu, na lifti ipo. Saimi akaamua kuuza nyumba amfuate.

"Theluji nimeizoa mlangoni miaka yangu yote," aliniambia. "Sasa nataka mlango ambao theluji haiufikii."

Wanunuzi walipatikana mwanzo wa kiangazi, vijana wawili, Iida na mumewe Joona. Iida alikuwa na mimba changa. Walizunguka nyumba, wakachungulia sauna, wakasimama dirishani wakishikana mikono, na mimi niliyekuwa mezani nikajua wameshaipenda. Kisha Joona akauliza, "Na radoni? Imepimwa?"

Kwetu hilo ni swali kama kuuliza iwapo paa linavuja. Kilima chetu ni kokoto tupu, na humo kwenye kokoto hutoka hewa isiyo na rangi wala harufu, ikapanda polepole kwenye nyufa za sakafu. Ukiivuta miaka mingi inaharibu mapafu. Saimi alikuwa ameipima wakati wa baridi. Alipewa vikopo viwili vyeusi vya kuweka kwenye rafu miezi miwili, na kila Jumamosi alivipangusa vumbi kama vile ni wageni waheshimiwa, kisha akavirudisha maabara kwa posta.

Mwingine angetafuna maneno. Saimi hakungoja hata kahawa imiminwe. "Ni elfu moja na mia mbili," akasema. "Inatakiwa isizidi mia tatu."

Iida akashika tumbo. "Saimi, nyumba tunaitaka. Lakini mtoto hatalala juu ya hewa hiyo. Ukiitoa, ikapimwa tena ikawa sawa, tunahamia kabla ya Krismasi. Ikishindikana, itabidi tutafute kwingine. Utusamehe."

"Niwasamehe nini? Mngesema mnaipenda hivyo hivyo, ningewafukuza mimi."

Fundi akaja. Alikuwa mtu mchangamfu mwenye buti kubwa. Akaeleza kwamba atachimba kisima kisichokuwa na maji, kirefu kupita watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwenzake, atumbukize bomba lenye feni, na ile feni itanyonya hewa iliyo chini ya nyumba na kuitupa juu angani. Kwenye kokoto, alisema, kisima kimoja kinaweza kusafisha hata nyumba ya jirani. Tatizo lilikuwa mahali. Upande wa Saimi huku kuna mabomba ya maji machafu, kule kuna mwamba. Mahali pazuri ni hatua chache ng'ambo ya mpaka, katikati ya viazi vya Reino.

Reino Pulliainen alifanya kazi kiwanda cha mbao. Akikuambia "habari za asubuhi," ujue amehutubia. Yeye na Saimi walikuwa majirani miaka thelathini, wakisalimiana vizuri, na hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake chochote, hata kiberiti. Kwetu hiyo ndiyo heshima. Mtu akiishiwa chumvi Jumapili, anakula bila chumvi.

"Nenda kamwombe," nilimwambia.

"Naenda."

Akaoka mikate, akaenda. Mimi nilikuwa kwenye ngazi za nyumba ya Saimi, na dirisha la Reino lilikuwa wazi.

"Viazi vyako vimestawi, jirani."

"Vimestawi."

"Mvua itanyesha?"

"Labda."

Wakanywa kahawa. Vikombe viligonga sahani. "Haya, asante kwa kahawa," akasema Saimi, na akarudi.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema labda."

"Labda nini?"

"Mvua!" akanifokea.

Juma lililofuata Reino mwenyewe akaja, jambo lililotushangaza wote. Alivaa shati safi. Akakaa, akala mikate miwili, akaitazama dari, akauliza kama bomba la moshi la Saimi liko sawa. Saimi akasema liko sawa. Reino akakohoa, akaaga. Saimi akaenda tena kwake, na safari hiyo mazungumzo yalikuwa juu ya kunguru.

Alpo aliposikia alikosa subira. "Mimi nimebeba magogo mpaka Lapi, kaskazini kabisa, nitashindwa na mzee mmoja? Niache nimuulize."

"Ukimuuliza, tafuta mwingine wa kucheza naye."

"Saimi mpenzi, vijana wataondoka."

"Najua wataondoka!" Na hapo macho yake yakajaa machozi, nami nikajifanya natafuta kofia yangu.

Iida akapiga simu mwezi wa nane. Kwa upole aliuliza kazi imefika wapi, maana kulikuwa na nyumba nyingine karibu na kituo cha treni na walitakiwa kutoa jibu. Saimi akamwita fundi siku iyo hiyo.

"Kichimbe upande wangu," akamwambia, wamesimama kwenye mpaka. "Hapa kando ya mwamba."

"Hapa hakitavuta vizuri. Nimekueleza, pazuri ni pale kwenye viazi."

"Viazi si vyangu. Chimba hapa."

"Utapoteza pesa, mama, na hewa itabaki pale pale."

"Chimba!"

Ng'ambo ya mpaka Reino alikuwa amesimama na jembe, ameacha kulima. Uso ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kwangu ni elfu moja na mia tisa," akasema.

Saimi akageuka. "Nini?"

"Hiyo hewa. Nami nilipima. Yako ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Nimekushinda."

Fundi akaanza kucheka, akajizuia. Reino akaendelea, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. "Niliona watu wanakuja kutazama nyumba yako. Nikadhani hewa inatoka kwangu inaingia kwako, nakuharibia. Nilikuja kukuambia, nikashindwa. Bomba la moshi nilikuwa sina haja nalo."

"Na mimi kunguru nilikuwa sina haja nao!" Saimi akapaza sauti. "Nilitaka viazi vyako. Yaani, mahali pa viazi."

"Basi si ungesema."

"Si ungesema wewe!"

"Nivichimbe kwanza," akasema Reino. "Fundi aje Jumamosi. Gharama tugawane."

Jumamosi ile nusu ya kilima ilikuja na makoleo, bila kuombwa, kama ilivyo kawaida yetu pakiwa na kazi ya mtu. Mashine ilichimba, sisi tukasogeza kokoto na kutoa ushauri usiohitajika. Alpo alishuka ndani ya shimo kabla ya bomba kuwekwa, ati akague, na ikabidi tumvute kwa kamba, huku Saimi akisema kwamba kwa urefu wake angeweza kukaa humo mpaka Pasaka. Tulikula supu ya njegere na viazi, na Reino aliongeza mara mbili. Feni ilipowashwa ilinguruma kidogo tu, kama paka aliyeshiba. Reino akaiwekea sikio muda mrefu.

Baridi ilipoanza, vikopo vikakaa kwenye rafu tena, nyumba zote mbili. Majibu yalikuja theluji ikiwa imeshafika magotini. Saimi alisoma mara moja, akatoka mbio na soksi tupu, akavuka yadi mpaka kwa Reino, akamwambia pale pale mlangoni.

"Tisini! Kwangu ni tisini!"

"Mia na kumi," akasema Reino, akiinua karatasi yake. "Ingia, miguu itakatika kwa baridi."

Akaingia, na kutoka hapo hapo akampigia Iida. Sauti ya yule binti ilisikika mpaka kwangu, nadhani. Ile nyumba ya karibu na kituo walikuwa wameikataa wiki ile ile kisima kilipochimbwa, kwa kubahatisha tu.

Siku ya kuhama, Joona na Iida walifika na gari lililojaa, kitanda cha mtoto kikiwa juu kabisa. Reino alikuja na shati lake safi. Akampa Joona mkono.

"Mimi Reino. Nina kabati zito la kusogeza. Njoo kesho unisaidie."

Saimi akabaki mdomo wazi, ufunguo mkononi. "Miaka thelathini hukuniomba hata kiberiti!"

"Wewe hukuwa na mabega kama yake."

Saimi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alpo akapiga honi. Saimi akamkabidhi Iida ufunguo, akamshika shavu, akapanda gari, na wakateremka kilima polepole kwa sababu ya barafu, yeye bado anacheka.