Kuta ya Habuba

Juzi niliingia mkahawa mmoja mpya hapa Arua, kwenye barabara ya kwenda Ediofe, nikiwa na shida ya chai tu na mahali pa kupumzisha miguu. Nikaagiza, nikainua macho, na ukutani nikaona safu nzima ya kuta zimepigiliwa misumari. Najua umeshaanza kuniona mjinga. Ukutani kuna kuta, kwani ulitaka kuwe na nini? Subiri nikueleze. Kwetu sisi Wanubi kuta ni kile kifuniko cha chakula, cha kusukwa kwa mkono, cha duara, chenye rangi kama mavazi ya harusi. Waswahili wa pwani wanakiita kawa. Nilimuuliza msichana aliyeniletea chai kama anajua vile vitu ni vya nini. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni, akaniambia ni mapambo. Nikanywa chai yangu, nikalipa, nikatoka.

Neno hilo lilishawahi kuniponza shuleni. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akifundisha kana kwamba tuko kwenye gwaride, aliuliza darasani kuta ni nini. Nikanyoosha kidole mbio mbio, nikasema kuta ni ya kufunika gurusa, yaani mkate wetu. Darasa likavunjika kwa kicheko. Mwalimu akaniambia niketi, akaandika ubaoni ukuta mmoja, kuta mbili. Tulipokwenda Koboko nikamweleza Habuba, maana ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mzaa mama. Hakucheka. Aliendelea kusuka, kisha akasema, "Ya mwalimu iko ya kutenga watu. Yangu iko ya kuita watu. Neno moja tu, kazi mbili."

Sisi tulikaa Arua kwa sababu baba alikuwa na kibanda chake sokoni, lakini Idd haikuwa Arua. Idd ilikuwa Koboko, kwa Habuba. Ramadhani ikifikia kumi la mwisho, mama alikuwa akifunga mizigo, sisi watoto tunarushwa juu ya lori la mtu anayemfahamu, na vumbi jekundu linatugeuza wote kabila moja kabla hatujafika. Habuba alikuwa akitupokea mlangoni na beseni la maji. Hakuna aliyekumbatiwa kabla ya kunawa uso. Alikuwa mkali wa usafi yule mwanamke, na mkarimu kupita kiasi, na akikushika na uongo alikuwa hakusemeshi siku nzima.

Nikikuambia nyumba ile ilinukia nini, utaniambia nakutesa na njaa. Mdalasini na iliki za chai. Moshi wa kuni. Bamia kavu iliyotwangwa ikachemshwa na nyama. Simsim ikikaangwa. Na ule uchachu wa unga wa gurusa, ulioachwa kwenye chungu ukaumuka mpaka ukaanza kutoa mapovu. Gurusa ni mkate mwembamba, laini kama kitambaa, unamiminwa juu ya chuma cha moto na kutandazwa kwa mkono mwepesi. Habuba alikuwa akipaka chuma mafuta kwa kitambaa, anamimina, anazungusha, anabandua, na kabla hujasema lolote umeshawekwa juu ya mwenzake. Mama alijaribu, mikate yake ikatoka mizito. Mimi nikijaribu zilitoka ramani za nchi zisizojulikana. Habuba alikuwa akizipokea hizo ramani na kuzila yeye mwenyewe, ili nisione aibu.

Jioni mikono yake ilihamia kwenye kusuka. Alikuwa na fungu la nyasi kavu, na majani ya mkindu aliyoyachana membamba na kuyachemsha na rangi, ya zambarau, ya kijani, ya chungwa. Anatoboa kwa msumari ulionolewa, anapitisha jani, anavuta, anaendelea, na duara linakua polepole. Kila nyumba ya Wanubi pale mtaani ilikuwa na nakshi yake. Kwa nini? Kwa sababu siku ya Idd sahani zilikuwa zinatembea. Sahani ya huku inakwenda kule, ya kule inakuja huku, na bila nakshi kuta yako ungeiona kwa mwenzako mpaka Idd nyingine. Hata jirani yetu, mama mmoja Mkristo aliyekimbia vita Sudan Kusini na wanawe, alikuwa akiijua ya Habuba kwa mbali. Yeye alituletea sahani Krismasi, sisi tukampelekea Idd, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Sasa nifike pale ambapo sipapendi.

Habuba alikuwa na watoto watatu, mama yangu na wajomba wawili. Mjomba mkubwa alikuwa akifanya biashara ya mbao na watu wa ng'ambo ya mpaka, mtu wa maneno machache na tumbo la heshima. Mjomba mdogo alikuwa fundi pikipiki, mcheshi, mikono imelowa mafuta mpaka kwenye salamu. Wote wawili walikaa kwenye uwanja ule ule aliouacha babu, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na nyumba ya Habuba katikati. Mwaka mmoja, yule mkubwa alitaka kujenga vyumba vya duka mbele, kwenye barabara. Mdogo akasema mbele pale ndipo pikipiki zake zinapotengenezwa, na babu alimwachia kwa mdomo wake. Mkubwa akasema hakusikia mdomo huo. Basi. Ugomvi wa ndugu huanza na neno dogo hivyo, halafu unatafuta mahali pa kulala ndani ya nyumba.

Tulipofika Koboko Ramadhani ile, wajomba walikuwa hawasalimiani. Walikuwa wakifuturu kila mtu kwake. Wazee wa msikiti walishakuja kusuluhisha wakashindwa. Mmoja wao alimwambia Habuba ile methali kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Habuba akamjibu, "Mimi nashika kapu mapema. Kama nangoja wao, nitakufa na jembe."

Na kweli alikuwa ameshaanza. Alikuwa anasuka kuta ambayo sijaona mfano wake tangu hapo. Kubwa, yaani mimi na binamu zangu tungeweza kujificha chini yake. Alisema sinia la Idd mwaka huu litakuwa moja, lile kubwa la kuazima msikitini, na watoto wake wote watalizunguka, na kuta ya kawaida haitatosha. Mama alimwambia anaumiza macho yake bure. Habuba akasema, "Mutu akikula na wewe sinia moja, baadaye atakutukana na mdomo gani?" Hilo ndilo alilokuwa akilitaka duniani, nakwambia. Hakutaka wagawane vizuri wala nani apewe haki. Alitaka wale pamoja. Alisuka mchana na funga yake, alisuka baada ya tarawehe, na vidole vikavimba, mama akawa anavikanda kwa maji ya moto na chumvi.

Kuna desturi ya nyumba yetu lazima uijue. Kuta ya sinia la Idd haifunuliwi ovyo. Mtoto wa kiume mkubwa anashika upande mmoja, anayemfuata anashika upande wa pili, wanasema bismillahi, wanaiinua pamoja na kuiweka pembeni. Mama wa nyumba haigusi. Mama akiifunua kwa mikono yake mwenyewe maana yake ni moja tu, kwamba hana tena mtoto wa kiume wa kumfunulia. Dada yake Habuba aliwahi kuifunua hivyo, wakati wapo ukimbizini Kongo, Idd ile ambayo wanawe hawakurudi. Tulisimuliwa habari hiyo kwa sauti ya chini, na mimi niliisikia kama watoto wanavyosikia mambo ya zamani, sikio moja kwenye hadithi na jingine kwenye mchezo.

Siku ya Idd ilipambazuka vizuri. Wanaume walikwenda kuswali, sisi tukavalishwa nguo zinazonuka duka. Wake wa wajomba walipika jiko moja, kwa amri ya Habuba, na nadhani hata wao walifurahi, maana walikuwa marafiki kabla ya waume zao kuharibu mambo. Sinia likajazwa. Gurusa zimepangwa pembezoni, mchuzi wa bamia katikati, kuku, wali wa viungo, saladi ya vitunguu na limau. Kuta ikawekwa juu. Nasema kweli, wote tulisogea kuitazama. Ilikuwa nzuri. Zambarau, kijani na chungwa vikizungukana mpaka kileleni, na Habuba amekaa kwenye mkeka pembeni na gurbaba yake mpya, kile kitambaa chetu cha kujifunga kiunoni, vidole vimefungwa kitambaa.

Wajomba walikuja. Hilo ndilo lililomdanganya kila mtu. Walikuja, wakaketi, kila mmoja upande wake wa sinia. Jirani yetu Mkristo naye alikuwepo na wanawe, kama kila mwaka. Mjomba mkubwa akashika ukingo wa kuta. Akangoja. Mjomba mdogo mikono yake ilibaki mapajani.

"Shika," Habuba akasema.

"Mimi nitashika," mjomba mdogo akasema, naye anatazama mkeka. "Lakini kwanza yeye aseme hapa mbele ya mama, ile kipande ya mbele iko ya nani."

"Leo iko Idd," mjomba mkubwa akasema.

"Ndiyo iko Idd. Aseme."

Mjomba mkubwa akaachia ukingo. Hakuinuka, hakufoka. Aliuachia tu na kukunja mikono. Mama yangu alianza kuwasihi wote wawili, kwa jina la baba yao, kwa jina la Ramadhani iliyotoka, na sauti yake ikawa inapanda na kukatika. Chakula kikawa kinapoa. Inzi wakaanza kutembea juu ya kuta, wakitafuta njia ya kuingia. Binamu yangu mdogo akalia njaa, akapigwa kofi la paja, akanyamaza.

Habuba alijisogeza kwenye mkeka, taratibu kwa sababu ya magoti. Akafungua kile kitambaa cha vidole akakiweka chini. Jirani yetu ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alisema, "Mama, hapana," akanyoosha mkono kama anayezuia mtoto asishike moto. Habuba akaikumbatia ile kuta peke yake, maana haikushikika kwa namna nyingine, akaiinua kifuani, akaiweka nyuma yake.

"Kuleni, watoto," akatuambia sisi wadogo. "Iko tamu bado."

Tukala. Tungefanya nini? Tulikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kitamu kweli. Mimi nilikula kuku na gurusa huku nikiona machozi ya mjomba mdogo yakiingia kwenye ndevu, na mjomba mkubwa amefunika uso kwa kanzu yake, wala hakuna kati yao aliyepeleka mkono kwenye sinia. Ningetarajia wamwangukie mama yao miguuni. Ningetarajia hata mmoja aseme nimekosa. Sijui kiburi kimeumbwa na nini. Waliinuka mmoja mmoja, wakatoka kwa njia mbili.

Habuba hakusuka tena. Hakuugua kitu cha kutajwa, alipungua tu, na Idd ya kuchinja haikumkuta. Wajomba walimbeba pamoja kwenye jeneza, hilo hawakuweza kulikwepa. Matanga yalipokwisha, likaja gari la matofali. Ukuta ukapita katikati ya uwanja, juu kuliko kichwa cha mtu, ukapita pale pale palipokuwa na nyumba yake baada ya kuibomoa. Ile kuta kubwa mama aliileta Arua, akaiweka juu ya kabati, na mchwa wakaila kimya kimya. Tulipoishusha ilibaki vumbi la rangi.

Siku hizi Idd iko, sisemi haipo. Pilau inaletwa na boda boda kwenye vyombo vya plastiki. Mikate inanunuliwa. Sahani hazitembei tena, kila mtu na friji yake. Jirani yetu alirudi kwao amani ilipotangazwa, akakimbia tena, mara ya mwisho nilisikia yuko kambini upande wa Omugo. Mama amefariki. Na gurusa zangu bado ni ramani, ila sasa hakuna wa kunilia.

Lakini Koboko nimeendelea kwenda kila Idd, kwa sababu wajomba ni wajomba. Nilikuwa nikila kwa mkubwa, kisha nazunguka kupitia barabarani, maana ukuta ule hauna mlango, naingia kwa mdogo. Na kila mmoja alikuwa na swali lake lile lile. Hakuniuliza mwenzake anaendeleaje, hata mara moja. Mkubwa alikuwa akimega tonge, anatafuna, anauliza bila kunitazama, "Huko wamepika nini?" Namwambia. Anatikisa kichwa, anaendelea kula. Nikifika upande wa pili mdogo ananikaribisha, ananinawisha mikono, na kabla sijameza naye anauliza, "Huko wamepika nini?" Namwambia. Wamezeeka hivyo, ndugu yangu, wakila Idd ya mwenzao kwa kinywa changu.

Mwaka huu mjomba mkubwa tulimzika katika Ramadhani. Mdogo alikuja, akasimama nyuma kabisa ya watu, akatia udongo, akaondoka. Mjane akachukuliwa na wanawe Kampala, nyumba ikafungwa kufuli. Siku ya Idd nikaenda moja kwa moja kwa mjomba mdogo. Mkewe alikuwa ametengeneza gurusa, nyepesi, nzuri. Mjomba akamega, akachovya, akatafuna, na bila kunitazama akauliza, "Huko wamepika nini?"

Mkewe akaacha kumimina chai.

"Hawakupika, mjomba," nikasema.

Akatikisa kichwa, kama kila mwaka, akapeleka mkono kwenye sinia kumega tena. Mkono ukabaki pale.