Panya, Maziwa na Jirani Yangu wa Bwiza

Mwaka ule wa vita nilipobeba mimba ya binti yangu, kazi yangu ilikuwa kulisha panya weupe katika maabara moja ya Bujumbura. Mume wangu alikuwa amefariki, kwa maradhi, si kwa risasi. Nilipopimwa damu nikaambiwa nami nina virusi vya ukimwi. Nilimwambia mtu mmoja tu: daktari mtafiti mwenye panya wale, ambaye sote tulimwita Madamu.

Hakunikimbia. Alinivutia kiti, akanionyesha kizimba cha panya jike. Maziwa ya panya yule yalikuwa na virusi vya ukoo mmoja na vyangu, ila vya panya, visivyompata binadamu.

"Watoto wake wakinyonya, virusi vinaingia tumboni," alisema. "Huko vinakutana na chembe nyeupe, zile zinazolinda mwili. Ungedhani zitaviua. Apana. Vinaingia ndani yao. Chembe zinashtuka, zinaongezeka ili zipigane, na virusi vinaongezeka pamoja nazo. Halafu chembe hizohizo zinavibeba mpaka kwenye matiti. Mtoto jike akikua na kuzaa, naye anavipitisha kwa watoto wake."

"Na hawa?" niliuliza. Katika kizimba cha pili vitoto vinene vilikuwa vimelaliana ubavuni mwa jike mwingine.

"Wamezaliwa na yule wa kwanza. Niliwahamisha kabla hawajanyonya. Huyu anayewalea ni mzima. Mpaka leo sijaona virusi kwao."

Nilishika tumbo langu. Madamu akaona.

"Panya si mutu," alisema taratibu. "Wako anaweza kuvipata tumboni au wakati wa kuzaa, siwezi kukudanganya. Lakini njia ya maziwa tunaweza kuifunga."

Kusema ni rahisi. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na maziwa ya kopo yalikuwa adimu. Nilijifungua asubuhi moja huku bunduki zikilia upande wa milimani. Niliporudi nyumbani, mtaa wa Bwiza, jirani yangu, mwanamke Mwislamu aliyekuwa akinyonyesha mwanawe, alikuja kunipa hongera. Akakuta mtoto analia na mimi nimejifunga kifua kwa kitenge.

"Mudogo wangu, mbona haumupe ziwa?"

Nikamweleza yote. Nilitazamia ainuke aondoke. Akauliza tu, "Yangu yatamufaa?"

Madamu alitaka jirani apimwe kwanza. Akasema pia asimweke mtoto titini, kwa sababu ikiwa mtoto tayari ana virusi, kidonda kidogo cha mdomoni au cha chuchu kingeweza kumwambukiza jirani mwenyewe. Alipimwa, akaonekana mzima. Tangu hapo akawa anakamua maziwa katika kikombe, nami namnywesha binti yangu kwa kijiko. Mapigano yalipotufungia ndani, alinipitishia kikombe juu ya ukuta wa ua, kimefunikwa kitambaa safi, na sikumsikia hata mara moja akilalamika.

Wanawake wa mtaa walianza kunong'ona kwamba simpendi mwanangu. Yeye ndiye aliyewajibu, pale bombani, mbele ya wote:

"Huyu ni mutoto wangu wa maziwa. Kwa dini yetu sasa ni ndugu ya kijana wangu, hawezi hata kumuoa tena. Munataka nini zaidi?"

Wakacheka, na maneno yakaishia hapo.

Mtoto alipokuwa anakimbia uani tulimpeleka akapimwe. Madamu alitoka na majibu mkononi, akasema neno moja: "Hana." Nikakaa sakafuni. Jirani yangu akasema Alhamdulillahi, akarudia.

Baadaye dawa zilifika mjini nami nikawahi kuzipata. Ndiyo maana niko hapa kusimulia. Binti yangu alikua na mama wawili, akijua nyumba zote mbili ni zake. Siku moja nilijaribu kumshukuru jirani yangu ipasavyo, kwa maneno niliyoyapanga wiki nzima. Alinikatiza katikati.

"We nawe," alisema. "Mutoto alikuwa na njaa."