Askari Langu Lipi

Shangazi yangu hajawahi kushindwa katika mabishano na mtu yeyote isipokuwa mmoja, mdogo wake wa mwisho, na katika jambo moja tu: kama baba yao alikwenda vitani au hakwenda.

Ana miaka themanini na moja na bado anashona. Chumba chake cha mbele kina cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na msumari wa kutundikia nguo za watu waliopimwa wakapotea. Cherehani zote mbili nilimuuzia mimi. Biashara yangu ni mashine zilizokwisha tumika: cherehani, feni, majokofu, mashine za kufulia. Nilianza na redio moja mbovu na bisibisi ya kuazima, leo nina stoo mbili, na sijui mtu mwingine anayenitoa jasho kwenye mapatano kama yule mama. Ile cherehani ya kwanza aliirudisha mara tatu, na mara zote tatu niliondoka nimepunguza kitu, halafu nikamshukuru. Mtaani wanamwita Sindano.

Mwaka huu baraza la mji lilitangaza kwamba litajenga ukuta wa mawe mbele ya ukumbi wake na kuchonga majina ya wote waliotoka hapa kwenda kwenye vita kuu. Familia zilete ushahidi. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Baada ya hapo orodha inakwenda kwa mchonga mawe, haifunguliwi tena.

Shangazi alikwisha kwenda ofisi ya nyaraka mara tatu. Babu alikuwa na majina mawili, kwa sababu baba yake alimpa moja na mama yake akalikataa akampa jingine, na kila mmoja alimwita mtoto kwa jina lake mpaka wanaingia kaburini. Shangazi aliomba watafute jina la kwanza. Halipo. Akaomba la pili. Halipo. Mara ya tatu akaomba yote mawili kwa pamoja, karani akampa kiti akae kwanza.

Basi ile Ijumaa asubuhi nilipita kwake kumpelekea mkanda wa cherehani, nikamkuta koti la kijeshi la babu limelazwa kwenye meza ya kukatia, na Baba Mdogo amesimama pembeni, shati limenyooka kama karatasi. Ni mwalimu mstaafu. Hata akiwa amekasirika huweka nukta mwisho wa sentensi.

"Dada, nimesema tangu mwaka jana. Baba alikuwa mshona viatu. Koti hili alilinunua mnadani."

"Na ile meli aliyokuwa akituhadithia?"

"Kila mwanamume wa rika lile alikuwa na meli yake."

"Wewe ulizaliwa keshalirudisha koti nyumbani. Utajua nini?"

"Na wewe alipoondoka ulikuwa unatambaa. Umejua nini?"

Nilimwelewa Baba Mdogo. Alipokuwa na miaka tisa alisimama darasani akasema baba yake alikuwa askari. Mwalimu mkuu alikuwa na orodha ya chama cha wapiganaji wa zamani, akaisoma mbele ya wote kutoka juu mpaka chini. Jina halikuwamo. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mwana wa Koti, na hilo jina lilimfuata mpaka anamaliza shule. Mimi nadhani ndiyo sababu akawa mwalimu, ili siku nyingine mwenye orodha mkononi awe yeye.

Sasa mimi makoti hayanisisimui. Lakini mtu akiniletea jokofu, jina lililobandikwa mlangoni silisomi. Majina hubanduliwa yakabandikwa mengine; nimeshauziwa feni tatu za kiwanda kimoja zenye majina matatu. Mimi napinda mgongo, naangalia nyuma, chini, kwenye chuma, natafuta namba.

"Shangazi," nikasema, "jeshi ni stoo. Watu maelfu, makoti maelfu, yote yanafanana. Mtu atalijuaje lake?"

Akanitazama juu ya miwani. "Namba."

"Iko wapi?"

"Haipo. Koti hili nimelikung'uta kila mwaka kwa miaka sitini, ningeiona." Akaanza kulipapasa, kola, kwapa, mfuko, ukingo wa chini. Ghafla vidole vikasimama chini ya mfuko wa ndani. "Ngoja. Ngoja kwanza. Huu uzi..."

"Una nini?"

"Huu si uzi wa nguo, mwanangu. Huu ni uzi wa viatu, umepakwa nta." Alikwisha shika wembe. "Bitana hili la ndani si la kiwandani! Aliweka la pili juu ya la kwanza, akalishona mwenyewe kama kiatu. Miaka sitini naliangalia, mimi fundi mzima! Niuweke wapi uso wangu?"

"Dada, utaliharibu," Baba Mdogo akasema.

"Toa kivuli chako hapa."

Alifumua nyuzi moja moja, mkono wake mtulivu kuliko pumzi yake. Mimi nilikuwa nimeshika pembe ya meza bila kujua. Bitana likaachia, na chini yake, kwenye kitambaa cha zamani cha kijivu, kulikuwa na wino mweusi: 2, 1, 7, 6, na tarakimu ya mwisho imechuja. Nne, au tisa.

Shangazi akapiga kofi mezani, pini zikaruka. "Haya! Mnada gani huo?"

"Inaweza kuwa namba ya aliyemuuzia," Baba Mdogo akasema. Lakini sauti ilikuwa imepanda, na safari hii hakuweka nukta.

"Ndiyo maana tunakwenda kuangalia," nikasema. "Saa nne kasoro. Gari liko nje."

Ofisi ya nyaraka ina chumba cha kusomea chenye meza sita na tangazo la kukataza kalamu za wino, vinywaji na kelele. Karani, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alipomwona Shangazi alianza kumvutia kile kiti.

"Leo sikai," Shangazi akamwambia. "Leo nina namba."

"Mama yangu, hapa tunatafuta kwa jina. Maombi ya namba yanachukua wiki mbili."

Hapo nikasogea. "Dada, wiki mbili ni za kutafuta. Sisi hatukuombi utafute, tunakuomba uchukue. Madaftari ya kuandikisha askari yamepangwa kwa nini?"

"Kwa namba."

"Basi inayoanzia elfu ishirini na moja na mia saba iko kwenye daftari moja tu. Unajua na rafu."

"Ninajua na rafu," akakubali, "ila utaratibu..."

"Utaratibu unasema fomu ijazwe. Hii hapa, imeshajazwa na mwalimu. Umeona mwandiko mzuri kama huu lini?"

Aliutazama mwandiko wa Baba Mdogo, akatutazama sisi watatu, akaingia ndani. Alirudi na daftari kubwa kama mlango wa kabati, akaliweka kwenye mto wa kitambaa. Alifungua taratibu mno, nusura nimsaidie.

Tukaanza na nne. Karani akatusomea kwa kidole, maana daftari liliandikwa kwa lugha ya wakubwa wa jeshi. "Elfu ishirini na moja, mia saba sitini na nne. Mpishi. Urefu futi sita na inchi mbili."

"Siye," Shangazi akasema. "Baba alikuwa akitaka kitu juu ya kabati anamwita mama."

Baba Mdogo akashusha pumzi, tayari kuvaa uso wa nilijua tu. Kidole cha karani kikashuka mistari mitano.

"Sitini na tisa. Kazi: mshona viatu."

Shangazi akausogelea ukurasa.

"Urefu futi tano na inchi tatu. Alama za mwili..." Karani akainama. "Sikio la kushoto limepungua juu. Limeumwa na punda."

"Punda!" Shangazi akapaza sauti, meza zote sita zikageuka. "Punda wa jirani! Alikuwa amelala chini ya mkokoteni! Si ni yeye? Mdogo wangu, si ni yeye?"

Baba Mdogo mdomo ulikuwa wazi. "Jina," akasema. "Soma jina."

Karani akasoma, akasita, akasoma tena. "Jina lake Langu. Jina la pili Lipi. Askari Langu Lipi." Akatikisa kichwa. "Poleni sana. Si yule mnayemtafuta. Tena sijawahi kuona ukoo wa Lipi."

Shangazi alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitingishika, halafu kicheko kikamshinda nguvu. Alishika meza. Machozi yalimtoka. Karani akaanza kuonyesha lile tangazo la kelele, kisha akaliacha.

"Hilo si jina," Shangazi akasema alipoweza. "Hilo ni swali! Baba maisha yake yote ukimuuliza jina lako nani, atakujibu: langu lipi? Maana yalikuwa mawili, alitaka kujua umetumwa na upande gani. Alimjibu hivyo daktari. Alimjibu hivyo aliyemfungisha ndoa! Sasa mwone, siku ya kuandikwa jeshini yule mwandishi mgeni hajui neno la Kiswahili, anamuuliza jina, mkalimani anauliza jina lako nani, baba anasema..."

"Langu lipi," karani akamalizia, na yeye akacheka mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye mnyororo.

Mimi nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Miaka yote ya vita mtu anaitikia swali lake mwenyewe kila asubuhi kwenye gwaride! Baba Mdogo peke yake hakucheka. Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea ukurasa. "Usiguse, mzee," karani akamwambia kwa upole. Akaurudisha mkono, akauliza, "Hapo mwisho wameandika nini?"

"Amehudumu miaka minne na miezi miwili. Tabia: njema. Mbishi."

"Ndiye," Baba Mdogo akasema.

Nakala yenye muhuri ilitutesa. Mashine ya kunakili ilikuwa imekwama na fundi wao alikuwa anakuja Jumatatu. Nikavua saa, nikafungua ubavu wa mashine, nikatoa karatasi iliyojikunja kwenye roli, ikaunguruma. Mwenye muhuri naye alikuwa amekwenda kula. Tulimsubiri, Shangazi akitembea kutoka ukutani hadi ukutani. Saa nane na dakika ishirini tulikuwa barabarani, yeye kiti cha mbele ameshika bahasha kwa mikono miwili, akiniambia nipite wapi.

Katibu wa kamati ya ukuta alikuwa kijana wa tai, mezani kwake orodha imekwisha fungwa kwa utepe. Alisoma nakala, akaridhika na punda, akasema sawa, ushahidi umetosha. Kisha akasema, "Jina litachongwa kama lilivyo kwenye daftari la jeshi. Langu Lipi."

Baba Mdogo akaja juu. "Kwenye jiwe? Haiwezekani! Watu watacheka."

"Wacheke," Shangazi akasema. "Kwani alipokuwa hayumo walikuwa hawacheki?"

Nikaona nafasi yangu. "Katibu, mstari mmoja una herufi ngapi?"

"Ishirini na nne, pamoja na nafasi."

"Langu Lipi inakula kumi. Zinabaki kumi na nne. Jina lake halisi lina herufi nane. Weka mkato katikati, jina la jeshini na la nyumbani, na bado unabakiwa na chenji."

"Mtu mmoja, jina moja."

"Kwa hiyo mwenye jina refu anapewa jiwe kubwa na mwenye fupi anadhulumiwa?"

"Mzee wangu, hapa si sokoni."

"Basi niongezee ukubwa wa herufi."

"Wewe hebu tulia," Shangazi akanikatiza. Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasoro robo. Akamgeukia mdogo wake. "Unataka jina halisi. Halisi ni lipi? La babake au la mamake? Ukichagua moja, upande wa pili watakuwa mlangoni kwangu kesho asubuhi. Wale wazee waligombana juu ya kichwa chake mpaka wakafa, na mimi siwezi kuwaendeleza. Hili la jeshini hakupewa na mtu. Alilisema kwa mdomo wake, na likaandikwa. Jaza fomu."

Baba Mdogo akatoa kalamu. Akaandika, akasita, akaikunja ile karatasi. Alikuwa ameandika mojawapo ya majina ya nyumbani ya babake, kwa mazoea. Miaka thelathini na minne ya kusahihisha madaftari ya watoto, na leo anaomba fomu ya pili kwa sababu ya kosa la jina.

Ya pili aliijaza sawasawa, polepole, kila herufi imekaa. Langu Lipi. Mshona viatu. Miaka minne na miezi miwili. Kwenye "uhusiano na mwombaji" akaandika "baba", akaliangalia neno hilo muda mrefu mpaka katibu akakohoa. Muhuri uligongwa saa nane na dakika hamsini na mbili. Utepe ukafunguliwa, karatasi ikaingia, utepe ukafungwa.

"Twendeni," Shangazi akasema. "Nina magauni mawili ya watu na mkanda mpya haujafungwa."

Getini kulikuwa na mlinzi na kitabu cha wageni. Shangazi alipita bila kumtazama. Mimi nikamfuata. Baba Mdogo akabaki nyuma, nikageuka kuona kuna nini, nikamkuta amesimama mbele ya yule mlinzi, kifua mbele, kama mtoto aliyeitwa kusoma.

"Baba yangu alikuwa askari," akamwambia.

Mlinzi hakuwa amemuuliza chochote. "Hongera sana, mzee," akasema, akamsogezea kitabu. "Tia sahihi hapa, na muda wa kutoka."